Pungu Asiyepiga Kelele

Ukishuka kwenye basi pale Kibiti ukasikia mtu anapiga ukelele kama anayefukuza nguruwe shambani, usishtuke. Huyo ni Zaidi, fundi baiskeli, amemaliza kuziba pancha ya mteja. Tairi likishika upepo, yeye hukaza shingo, hufumba jicho moja, kisha hutoa mlio wake: "Haiya-hooo!" Wageni huruka. Sisi wenyeji tumeuzoea, kama jirani wa mashine ya kukoboa anavyoizoea mashine.

Mimi naitwa Mudrick, nauza spea za pikipiki, na banda langu limetenganishwa na lake kwa bati moja lenye matundu. Kwa hiyo habari za Pungu nazijua kuliko nilivyopenda kuzijua. Pungu alikuwa shujaa wa vitabu vya katuni, vile vilivyokuwa vikitoka Dar es Salaam zamani, sisi tukiwa watoto. Mchana ni karani wa benki mwenye miwani. Mambo yakiharibika anavaa mbawa za ngozi alizoachiwa na mjomba wake, anaruka. Zaidi amemchora kwenye kibao cha banda lake, mbawa zimekunjuliwa, miguu myembamba kama ya Zaidi mwenyewe. Watoto wanaoleta baiskeli hawaondoki mpaka wasimuliwe kisa kimoja. Na katika kila kisa Pungu hufanya mambo mawili. Kwanza, kabla ya kuruka anapiga ule mlio, na maadui wanatawanyika hata hajawagusa. Pili, haondoki penye hatari mpaka mtu wa mwisho avuke.

Mimi sipendi mashujaa. Nimekaa barabarani hapa miaka mingi, na kila aliyejiita shujaa nimemwona akikimbia mgambo. Lakini hilo la pili sikuwahi kumcheka nalo Zaidi, kwa sababu najua lilimgharimu nini.

Alipokuwa kijana alikuwa fundi cherehani kijijini kwao, huko bondeni karibu na Ndundu. Cherehani ilikuwa yake mwenyewe, ya kukanyaga kwa miguu, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kushonewa kanzu za Idd. Zikaja mvua za El Nino. Mto ukapanda mpaka kwenye madirisha. Zaidi akaazima mtumbwi, akaanza kuvusha watu kwenda nchi ya juu. Nafasi ya kuitoa cherehani yake alikuwa nayo, na kila aliyemvusha alimwambia akaitoe. Yeye akasema bado kuna watu. Wa mwisho alikuwa Bi Salama, bibi mmoja mkali kama pilipili, aliyekataa kupanda mtumbwi bila kuku wake, na njia nzima akawa anamgombeza Zaidi kwamba hajui kupiga kasia. Alipomfikisha akageuka, nyumba haipo, cherehani haipo. Hakupata nyingine. Akaja Kibiti, akajifunza baiskeli. Ukimuuliza kama anajuta, alikuwa akikujibu, "Pungu haondoki mpaka wa mwisho avuke," kisha anaendelea na kazi yake.

Sasa, Idd iliyopita ya mfungo mosi, binti yake Yasmin, anayefanya kazi Dar, akamletea zawadi. Alikuwa amewazungukia wauza vitabu chakavu, wale wanaotandika kando ya barabara, mpaka akapata matoleo yote ya Pungu, la kwanza hadi la mwisho, yamefungwa kwa kamba ya manila. Zaidi alikwenda kunawa mikono kwanza, kwa sabuni, ndipo akayashika.

Ieleweke kwamba hakuwahi kuyasoma mwenyewe. Zamani hakukuwa na daraja pale Ndundu. Magari ya kusini yalingoja pantoni, mengine yakalala palepale, na abiria waliacha magazeti na vitabu. Mama yake Zaidi alikuwa akiwauzia abiria hao samaki wa kukaanga, na makaratasi yale aliyaokota ya kufungia. Dada yake Zaidi, Mwamini, ndiye aliyekuwa akiviokoa vitabu vya Pungu kabla havijaingia mafuta. Alipanda navyo kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba la mpunga, ambako wawili hao walishinda kutwa wakiamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Mwamini alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu hivi, Zaidi ana sita au saba. Dada anasoma, mdogo anasikiliza. Kikishasomwa, kitabu kinarudi kwa mama kufungia samaki. Zaidi alipokuja kujua kusoma, Pungu wote walikuwa wameshakwenda Lindi na Mtwara na kambale ndani.

Basi mimi nilitegemea shangwe. Siku tuliyofungua baada ya Idd, pancha ya kwanza ikazibwa, kimya. Ya pili, kimya. Nikachungulia kwenye tundu la bati. Zaidi amekaa juu ya ndoo, kitabu magotini, uso umemkunjamana.

"Vipi, shehe, shujaa kafa?" nikamuuliza.

"Bora angekufa. Hapigi mlio."

"Nani?"

"Pungu. Nimefika toleo la nne, hajapiga mlio hata mara moja. Anaruka kimya kimya kama mwizi."

Siku zilizofuata hasira yake ilikuwa ikinifikia kupitia matundu ya bati, toleo baada ya toleo. Pungu wa kitabuni anahutubia mno. Akimkamata jambazi anamsomea maadili kurasa mbili nzima, na jambazi anasimama anangoja amalize. Toleo la tano lote amekaa ofisini anasubiri ruhusa ya bosi wake. La sita anagombana na mchumba wake kwa sababu wali umeungua.

"Mtu ana mbawa, Mudrick," Zaidi alisema. "Ana mbawa, na anagombania ukoko."

Nilicheka mpaka nikampa mteja plagi isiyo yake.

Toleo la tisa halikunichekesha. Alilileta mwenyewe, akalitandika juu ya kaunta yangu kati ya minyororo na breki. Kilikuwa kisa cha gharika. Mto umefurika, kijiji kimezama, watu wamepanda juu ya mapaa. Pungu anafika, anambeba tajiri mmoja na sanduku lake, anampeleka nchi kavu. Halafu anapata habari kwamba kuna mali ya magendo bandarini. Picha ya mwisho imechukua ukurasa mzima: watu juu ya mapaa, mikono juu, nyuso zinatazama angani, na Pungu mdogo kabisa kwenye pembe. Maneno yake yameandikwa kwa herufi nene: Kwaherini, wananchi! Kuweni na subira. Sheria inaniita mjini.

"Picha hii naikumbuka," Zaidi alisema. "Naikumbuka mpaka huyu mama mwenye ungo. Lakini mimi nilisomewa kwamba anarudi. Hawa wamenyanyua mikono kwa sababu wamemwona anarudi." Akaipigapiga karatasi kwa kidole chenye grisi. "Na yale maneno ya mtu wa mwisho hayamo. Nimesoma matoleo yote mpaka mwisho, hayamo popote. Sasa mimi, cherehani yangu niliiacha kwa maneno ya nani?"

Jambo nisilolijua huniwasha. Nikasema labda kulikuwa na chapa mbili. Akasema picha ni zilezile. Nikasema labda alikuwa mdogo, kasahau. Akaniangalia tu. Ndipo nikalitoa lile nililokuwa nalifikiri tangu mwanzo.

"Dada yako alifika darasa la ngapi?"

"La tatu. Kisha akatolewa aje aniangalie mimi na shamba."

"Basi, mwenzangu. Hakujua kusoma. Alikuwa anaangalia picha, anatunga."

Nikaona usoni mwake kwamba yeye pia alikwisha kulifikiria. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kooni. Mwamini ni mtu mzima sasa, ana wajukuu, na huko Mtunda alikoolewa ana heshima zake. Kwenda kumuuliza kama kweli alikuwa anasoma au anababaisha ni kumvua nguo mbele za watu. Na bila kumuuliza, Zaidi angekaa na swali lake mpaka kaburini. Akawa mtu wa kukosea kazi. Aliwahi kufunga gurudumu la mbele nyuma.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikamwambia siku moja nilipochoka. "Panda pikipiki, nakupeleka."

Sikumpeleka kwa wema. Nilitaka kujua.

Tulipofika Mtunda, nyumbani kwa Mwamini kulikuwa na kuku tu. Jirani akatuelekeza shamba: mpunga umeanza kukomaa, ndege mwaka huu hawana adabu, mama wa watu hashuki. Tulimkuta juu ya dungu lake, peke yake, kamba zimetoka mikononi mwake kwenda kila upande wa shamba, na kila kamba ina makopo. Akivuta, makopo yanalia, kwelea kwelea wanaruka, wanatua mbele kidogo. Alikuwa mwembamba kama nduguye, mtandio begani, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Ile miwani niliiona, lakini sikuitilia maanani.

"Hodi dunguni," Zaidi aliita.

"Karibuni. Zaidi, kuna msiba?"

"Hakuna, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mtu haachi kazi Jumatano mchana kama hakuna msiba. Na huyo?"

"Mudrick, jirani yangu wa kazini."

"Yule wa spea? Pandeni. Mti wa pili wa ngazi umeoza, msiukanyage."

Tulibanana watatu kule juu. Akatukaribisha mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli. Zaidi akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za Yasmin, akasifu mihogo. Mimi nilikuwa natafuna huku nataka kumpiga kikumbo. Hatimaye akaufungua mfuko wa rambo, akatoa toleo la tisa, akaliweka kwenye mapaja ya dada yake.

Mwamini alilitazama jalada. "Huyu," akasema. "Kumbe bado yupo." Akavaa miwani. Akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma, taratibu lakini bila kujikwaa: "Kwaherini, wananchi. Kuweni na subira. Sheria inaniita mjini." Akasonya. "Mpumbavu yuleyule."

Nadharia yangu yote ilianguka chini ya dungu.

"Kumbe ulikuwa unajua kusoma," Zaidi alisema, na ilimtoka kabla hajaizuia.

"Nani alikwambia sijui?"

Zaidi akanitazama mimi. Nikachukua kipande kingine cha muhogo.

"Mbona ulinisomea vingine, dada?"

"Cha kwanza nilikusomea kama kilivyo," Mwamini alisema. "Kurasa tatu, huyu bwana anahutubia, wewe umeshalala. Ndege wakashuka kona ile ya mtoni, wakala kama wamealikwa. Baba alipokuja, fimbo nilizila mimi, wewe hukuguswa. Nikasema hapana. Huyu mtu kama anakaa dunguni kwangu, na afanye kazi. Cha pili nikampa mlio. Nikakwambia Pungu hawezi kuruka mpaka wewe umsaidie. Ndege wakitua, nafunua ukurasa, Pungu anataka kuruka. Wewe unapiga ukelele, ndege wanaondoka. Ulikuwa na sauti, wewe. Mimi koo langu lilikuwa limekauka tangu asubuhi."

Nikawakumbuka wale maadui wanaotawanyika hata hawajaguswa. Kumbe walikuwa kwelea kwelea. Miaka yote ile stendi nzima ya Kibiti imekuwa ikiamiwa ndege, na hatuna hata bua moja la mpunga. Nilicheka mpaka dungu likayumba, na Mwamini naye akacheka, akijifunika mdomo kwa mtandio.

Zaidi hakucheka. "Na lile la mtu wa mwisho?"

Mwamini alivuta kamba moja, makopo yakalia. Akavuta nyingine ambayo haikuwa na haja ya kuvutwa.

"Wewe hukumbuki, ulikuwa wa kubebwa mgongoni," alisema. "Mto ulipanda ghafla, sote tuko dunguni. Baba akaja na mtumbwi. Mama alikuwa mgonjwa, akampakia yeye, akapakia na mbegu, mtumbwi ukajaa. Akaniambia, Mwamini, kaa na mdogo wako, narudi sasa hivi. Mkondo ukamchukua. Alirudi kesho yake, jua limeshapanda."

"Sikuwahi kuambiwa," Zaidi alisema.

"Nani wa kukwambia? Baba aliona haya mpaka anakufa, na mimi simlaumu. Alirudi na mikono imechubuka yote. Lakini nilikuwa na miaka minane, Zaidi. Maji yanapita chini, wewe unalia mgongoni, mimi natazama kule alikopotelea mpaka shingo ikakakamaa. Niliogopa. Sijaogopa tena hivyo maishani mwangu, hata kwenye kuzaa." Akaugusa ule ukurasa, pale penye mikono iliyonyanyuliwa. "Halafu nakuja kukuta hawa. Hawa watu nawajua. Na huyu anawaambia wawe na subira. Nilikasirika. Mtu mzima hakasirikii karatasi, lakini mimi nilikuwa mtoto, nilitaka kumchana. Nikamrudisha. Nikasema, humu dunguni mwangu huyu haondoki mpaka wa mwisho avuke."

Upepo ulipita juu ya mpunga. Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna.

"Basi ndiyo hayo," Zaidi alisema pole pole. "Ndiyo yaliyochukua cherehani yangu."

Akamweleza. Mwamini alijua kwamba ndugu yake alivusha watu na alijua kwamba cherehani ilikwenda na maji, ila hakujua kwamba alikuwa na nafasi ya kuitoa. Yeye wakati ule alikuwa ameshaolewa huku Mtunda, habari zilimfikia kwa vipande. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka kwa Bi Salama na kuku wake. Kisha akavua miwani.

"Uliiacha kwa maneno yangu ya kuamia ndege?"

"Nilidhani ni ya Pungu."

"Ulikuwa fundi mzuri, Zaidi. Gauni langu la harusi ulilishona wewe, mpaka leo ninalo." Akaikunja miwani mkononi. "Ungejua kwamba ni mimi tu, msichana wa darasa la tatu, natunga ili nisichapwe, ungefanyaje?"

Nilimtazama Zaidi. Swali hilo ndilo alilolibeba kutoka Kibiti, na sasa limemrudia kwa mdomo wa dada yake. Alikuwa akikwangua grisi kwenye kucha.

"Ningejua ni wewe," alisema mwishowe, "nisingechora mtu mwenye mbawa kwenye kibao changu."

Akakitwaa kitabu kutoka mapajani mwa dada yake, akakifunua palepale, ukurasa wa mapaa, akaanza kusoma kwa sauti ile anayowasimulia watoto wa baiskeli. Watu walikuwa juu ya mapaa, alisoma. Maji yanapanda. Pungu alikwisha mfikisha tajiri nchi kavu, na watu wakubwa wakamwita, njoo mjini, kuna kazi. Akageuka. Akawaona.

Hapo kundi la ndege likatua upande wa mtoni, jeusi, mpunga ukainama. Mwamini akashika kamba.

"Acha kamba," Zaidi alisema. "Hawezi kuruka mpaka umsaidie."

Mwamini alimtazama nduguye, akanitazama mimi mgeni, akajiweka sawa mtandio. Kisha mama yule mwenye wajukuu akakaza shingo, akafumba jicho moja, akaupiga. "Haiya-hooo!" Ulikuwa mlio wa Zaidi mtupu, ila wa kwake ulitoka mbali zaidi. Ndege wote wakanyanyuka.

Zaidi aliendelea. Pungu akaruka, alisoma, akawavusha wa kwenye mapaa mmoja mmoja, na alipomaliza hakuondoka. Alizunguka tena juu ya maji kutafuta. Akaona dungu. Juu yake kuna msichana wa miaka minane, mdogo wake mgongoni, anatazama mbali. Akashuka. Akamwambia, nimechelewa, nipe huyo mtoto, na wewe shika shingo yangu.

Mwamini alikuwa amevaa miwani tena. Macho yake yalikuwa kwenye ukurasa uleule, juu ya zile herufi nene zinazosema kwaherini, na kidole chake alikuwa amekiweka chini ya mstari kama msomaji anayefuatilia.

"Rudia pale anapowakuta," alisema.